Mama Wema na Kabati la Vyombo vya Msiba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujaufikia ukurasa huu, usijali. Nitakuokotea yaliyokupita, halafu twende.

Mama Wema wa Runzewe, jina la kwao Mbuke, alichoka moshi. Mumewe Maduhu, mchimbaji huko Segese, alipopata bahati kidogo kwenye shimo lao alimpigia simu. "Bomoa hilo jiko, jenga la ndani, weka makabati, na wewe ukae kama wenzio."

Akabomoa. Jiko lile la nje, la mafiga na kuta za nusu, ndilo lililokuwa baraza la akina mama wa mtaa. Walikaa pale jioni kuchambua mboga na kuchambua watu. Likaenda chini kwa asubuhi moja.

Makabati ya kwanza yalitoka Kahama. Meupe, yanang'aa, ukiyatazama unajiona. Kumbe ndani ni unga wa mbao na gundi tu! Bati lilivuja mara moja, yakavimba kama mkate kwenye chai. Ndipo akamwita fundi Ansgar, akachonga mengine ya mninga, milango ya kioo juu, ya mbao chini, kila mlango na kitasa chake.

Na humo ndimo Mama Wema alimopanga vyombo vya umoja wa kuzikana wa mtaa mzima, maana yeye ndiye mtunzaji. Msiba ukitokea, sahani zinachukuliwa kwake. Msiba ukiisha, zinarudi kwake zimeoshwa.

Kisha mlango mmoja wa kioo ukalegea. Ansgar akasema bawaba za pale Runzewe ni bati tupu, afuate nzito Ushirombo. Mama Wema akaenda, funguo zote kazifunga kwenye pindo la khanga. Akalala kwa dada yake, simu imekufa chaji.

Siku hiyo hiyo akafa Mzee Bujiku, jirani wa kuvuka njia.

Wanawake wakaja kuchukua vyombo. Wakaviona kwa macho yao, vimepangwa nyuma ya kioo, na mlango haufunguki. Hawakuvunja. Na Hosiana, binti wa marehemu, aliyeolewa Ushetu, akawaona wakwe zake waliotoka mbali kuja kuzika wakilishwa ugali kwenye mabeseni ya kufulia nguo.

Wakwe! Kwenye beseni!

Mzee Donatus, katibu wa umoja, alisimama nje ya uzio akatangaza. Mama Wema ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, mtu asikanyage kwake. Atakayemsemesha naye atatoa mbuzi. Arobaini ya marehemu ikipita, Mama Wema atapika, atawaita, na wakila chakula chake watakuwa wamemrudisha.

Hapo ndipo tulipomwacha, amesimama uani na bawaba mpya mkononi. Sasa sikiliza yaliyofuata.

Asubuhi alikwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, na kelele zake unazisikia toka barabarani. Alipotokea tu, kelele zikakatika. Akina mama wakasogea pembeni, wakamwachia bomba lote peke yake.

Ungedhani wanampisha mgonjwa.

Aliyekuwa mbele kabisa ni Serafina, Mama Denis. Hawa wawili walijifungua wiki moja, wakachangiana uji wa uzazi. Mama Wema akajikaza.

"Mwangaluka, Mama Denis."

Serafina akaitazama ndoo yake. "Ndoo hii," akaiambia ndoo, "inavuja."

"Mama Denis, ni mimi nakusalimia."

"Inavuja kabisa. Nitaipeleka ikazibwe."

"Serafina!"

Serafina akaibeba ndoo, ndoo nzima isiyovuja hata tone, akaondoka. Lakini alipogeuka, shingo yake ilikuwa inatetemeka. Mama Wema aliiona. Mimi ningekuwa pale ningewachapa wote wawili.

Akachota maji kimya. Hakuna aliyemtwika. Alihangaika na ile ndoo mpaka nusu ikamwagikia gauni, na wanawake wote wale wanatazama juu kama wanaosubiri mvua. Akaenda nyumbani amelowa, akalia njiani bila kuficha uso, maana wa kumfichia ni nani?

Nyumbani alikuwa na mtu mmoja tu wa kusema naye, Bibi Mariana, mama mkwe wake, aliyemwita mayu, yaani mama. Wema, binti yao, yuko bwenini Shinyanga mjini. Bibi alikuwa mzee wa kuona nusu na kusikia robo, ila ulimi wake ulikuwa mzima kuliko wa kwako na wa kwangu.

"Umerudi na maji au umeyavaa?"

"Nimeyavaa, mayu."

"Mama Denis hajambo?"

"Hajambo. Anaongea na ndoo."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kila siku kabla ya haya, wazee wenzake walikuwa wanakuja kunusa ugoro naye chini ya ukuta wa jiko. Sasa hakuna jiko, na hakuna wazee.

"Mimi nimekosa nini, Mbuke?" akauliza. "Umenifungia humu na sahani zao."

Mama Wema akachukua kitambaa.

Maana makabati yana masharti yake, na fundi Ansgar aliyataja kama padri anayetaja amri. Futa kwa kitambaa kikavu, fuata nyuzi za mbao. Usimwagie maji. Usiweke sufuria ya moto. Mafuta kidogo mara moja moja. Jua likipanda, fungua milango yote ipate hewa, la sivyo mende watahamia na ukoo mzima.

Aliyafuata yote. Alifuta mlango mpaka anaona meno yake. Alitoa sahani za umoja moja moja, akazipangusa, akazirudisha. Kazi ilipoisha, akaianza tena, kwa sababu akikaa chini anasikia vicheko vya watu kwenye nyumba nyingine.

"Kitu cha kufutwa kila siku hivyo," Bibi akasema toka kwenye kigoda chake, "kinaumwa nini?"

"Kinatunzwa, mayu."

"Mimi nilikuwa na chungu miaka yote ya ndoa yangu. Sikukifuta. Na watu walikuwa wanakuja."

Akampigia Maduhu.

"Haloo! Vipi, mlango ule umekaa sawa?" Maduhu akapaza sauti. Nyuma yake kinu cha kusagia mawe kinanguruma.

"Baba Wema, nimetengwa."

"Umetegwa?"

"Nimetengwa! Mtaa mzima. Hakuna anayenisalimia."

"Aa, hao wana wivu. Wameona kioo. Watazoea."

"Si wivu. Walikosa sahani kwenye msiba wa Mzee Bujiku. Rudi, uongee na Mzee Donatus. Wewe ni mwanamume, watakusikiliza."

"Mama Wema, tumefika kwenye jiwe lenyewe. Nikitoka sasa, wenzangu watagawana bila mimi. Vumilia kidogo. Una nyumba nzuri, una jiko, unataka nini tena?"

"Nataka mtu wa kuniambia mwangaluka!"

"Mwangaluka," akasema Maduhu, na kinu kikaimeza sauti yake.

Hebu niambie, mtu kama huyo unamfanyaje?

Aliyekuja ni fundi Ansgar. Yeye ni Msumbwa wa Ushirombo, mfupi, penseli sikioni, mwenye maringo ya kazi yake. Aliingia hadi ndani bila kugeuza shingo.

"Mimi si wa mtaa wenu. Mbuzi wenu hanihusu. Bawaba ziko wapi?"

Mama Wema alikaribia kumkumbatia. Akampikia chai ya maziwa, akamtolea karanga, akamwuliza habari za mke, za watoto, za shamba, za ng'ombe mmoja mmoja. Ansgar akajibu huku anafunga skrubu, na Mama Wema akatamani skrubu zile ziwe mia.

"Tayari," Ansgar akasema. Akafungua mlango, akaufunga. "Sasa hata tembo akiuegemea."

"Fundi, nataka kazi nyingine. Toa vitasa vyote."

"Nitoe nini?"

"Vitasa."

Ansgar akaweka bisibisi chini kama mtu aliyetukanwa. "Mama, nimechimba tundu za vitasa vile kwa siku nzima. Ukivitoa, milango itabaki na matobo. Kabati zuri na matobo usoni? Watu watasema Ansgar amezeeka."

"Watu gani, fundi? Nani anaingia humu aone?"

Fundi akanywa chai. Kisha akasema taratibu, "Nikwambie ninachokisikia sokoni?"

"Niambie."

"Wanasema habari ya sahani ni ya juzi tu. Wanasema uliwachoka tangu siku ulipobomoa jiko la nje. Kwamba ulijenga la ndani ili upike bila kuwaona."

Mama Wema akashika ukingo wa kabati.

"Mimi niliwachoka? Fundi, wewe si ndiye uliyepima rafu ya chini? Nilikwambia iwe na upana gani?"

"Iingie sufuria kubwa ya msiba."

"Ya nani ile sufuria?"

"Ya umoja."

"Na rafu za juu, nilikwambia uzipime kwa sahani za nani?"

"Za umoja, mama."

"Mimi na Bibi tunatumia sahani mbili! Panya walikuwa wanazikojolea zile sahani kwenye masanduku, nikaona aibu, watu walieje msiba halafu wale kwenye sahani za panya! Niliweka kitasa ili zisipotee hata moja. Nikasema wakija kuzichukua watakuta zinang'aa, watafurahi. Mimi nimebaki na nini hapa zaidi ya kuja kwao? Maduhu yuko shimoni. Wema yuko shule. Sahani hizi ndizo zinazoniletea watu!"

Alisema hayo kwa sauti ya kupasuka, na Ansgar akawa anatazama karanga zake.

"Kawaambie wao," akasema mwishowe.

"Nitawaambiaje, nao hawanisikii?"

Ansgar akachukua bisibisi, akavitoa vitasa vyote, na matobo yakabaki. Akakataa ujira wa kazi ile, akasema kubomoa hakulipwi. Akaenda zake, na nyumba ikarudia kimya chake.

Siku zikawa zinakwenda hivyo. Bombani, peke yake. Sokoni, muuzaji anaweka nyanya chini, anageukia kwingine, Mama Wema anaacha hela anachukua. Kanisani, benchi zima lake. Wakati wa kupeana amani alinyoosha mkono, mkono ukabaki hewani, akaurudisha akajifanya anatengeneza kilemba.

Alikuwa mpweke jamani. Nimetafuta neno lingine la kukuandikia, nikaona hili linatosha. Ilifika mahali akawa anasubiri Bibi Mariana akohoe, ajue kuna mtu.

Basi siku moja, jua la saa nane, milango ya makabati yote iko wazi inapata hewa, Bibi akasema anataka uji wa ulezi. Mama Wema akakoroga. Bibi alikuwa kwenye kigoda, mgongo kauegemeza kwenye kabati la chini.

"Uwe mwepesi," Bibi akasema. "Na usitie sukari nyingi, mimi si bi harusi."

"Haya, mayu."

"Mbuke."

"Abee."

"Hao watu wako. Watakuja. Wasukuma hawawezi kukaa na hasira na tumbo tupu kwa pamoja."

Mama Wema akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya Ushirombo. Akamimina uji kwenye bakuli, akageuka.

"Mayu, pokea."

Bibi hakupokea.

"Mayu?"

Mikono ilikuwa mapajani, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo zuri. Mama Wema akaweka bakuli chini, akapiga magoti, akamshika uso. Akamwita kwa jina lake, ambalo mkwe halitamki. Mariana. Mariana, usinifanyie hivi.

Lakini Bibi alikuwa amekwenda, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

Sasa fikiri na mimi. Ni nani atakayemwosha Bibi? Nani atakwenda kuchimba kaburi? Wanaofanya kazi hiyo ni umoja wa kuzikana, na umoja umemtenga. Arobaini ya Mzee Bujiku haijafika, kwa hiyo hajapika, kwa hiyo hajarudishwa. Hii ndiyo hofu ya kila aliyetengwa kwetu huku: kufiwa kabla ya kusamehewa.

Akampigia Maduhu. Safari hii kinu hakikusikika, au Maduhu alikuwa amekikimbia mbali.

"Mama amekufa?"

"Amekufa, Baba Wema. Nimemshika hapa."

"Natoka. Natoka sasa hivi. Uko na nani?"

"Niko na yeye."

Maduhu akaanza kulia kwenye simu. Simu ikakatika.

Mama Wema akamlaza Bibi kitandani, akamfunika. Akatoka uani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Yowe la msiba kila mtu analijua. Likipigwa, mwenye jembe analiacha, mwenye sufuria anaiepua. Alipiga la kwanza. Akasikiliza. Kuku tu.

Akapiga la pili. Ng'ambo ya njia mlango ulifunguliwa, ukafungwa.

La tatu halikutoka. Sauti ilikuwa imekwisha.

Akaingia ndani. Mtu mwingine angekaa chini. Yeye akaanza kutoa sahani. Zote. Akazibeba kwa mafungu hadi uani, akazipanga kwenye mkeka, na bakuli, na vikombe, na ile sufuria kubwa akaitoa kwa kuiburuta. Akapanga mafiga matatu pale pale lilipokuwa jiko la zamani, akakoka moto, akabandika maji. Hakujua anampikia nani. Alijua tu kwamba kwenye msiba moto unawaka.

Maji yalikuwa yanaanza kutokota aliposikia miguu.

Miguu mingi.

Mzee Donatus alitangulia, kofia mkononi. Nyuma yake wanaume wenye majembe. Nyuma yao wanawake, Serafina mbele, khanga zimefungwa kiunoni. Mtaa mzima! Mama Wema akainuka, akaenda kuwalaki huku mikono ameifungua.

Wakampita.

Walimpita kushoto na kulia, macho yameangalia mbele. Wanaume wakaenda nyuma ya nyumba kutafuta mahali pa kaburi. Wanawake wakaingia chumbani kwa Bibi. Serafina akasimama mlangoni, akamwambia Mzee Donatus kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwambie mwenye nyumba, tumekuja kwa Bibi Mariana. Yeye hakutenda kosa. Tutamwosha, tutamlilia, tutamzika. Tukimaliza tutaondoka."

"Amesikia," akasema Mzee Donatus, naye hakumtazama.

Ndipo Mama Wema akaona walichobeba. Kila mwanamke, chini ya khanga au kichwani, alikuwa na sahani yake kutoka nyumbani. Sahani ya plastiki, sahani ya bati, bakuli lenye pengo. Mwingine amebeba hadi maji yake ya kunywa kwenye kidumu. Unga na sufuria pia walileta wao. Wakazipita zile sahani mia zinazong'aa mkekani, wakaziruka miguu isiziguse, wakaenda kukaa ukutani.

Uani watu wamejaa, maombolezo yameanza, na yeye amesimama katikati akiwa peke yake kuliko siku yoyote aliyofuta kabati.

Ugali ukasongwa. Ukagawiwa, kila mtu kwenye chake. Mzee Donatus alilia machozi akila, maana alimpenda Bibi. Mama Wema hakupewa, na hakuomba.

Wa mwisho kuingia alikuwa Hosiana.

Binti wa Mzee Bujiku, nguo nyeusi ya msiba wa baba yake bado iko mwilini. Yule ambaye wakwe zake walikula kwenye beseni. Wakati anavuka uzio, hata waliokuwa wanalia walipunguza sauti, na matonge yakasimama njiani.

Alitembea hadi kwenye mkeka, akasimama. Akazitazama sahani. Akamtazama Mama Wema usoni, mtu wa kwanza kumtazama tangu siku ile ya tangazo.

Mikono yake ilikuwa mitupu. Hakubeba sahani.

Kwa hiyo ni moja kati ya mawili, na kila aliyekuwepo alilijua. Ama amekuja kula kwenye vyombo vya umoja, na umoja mzima utalazimika kula navyo. Ama amekuja kwenye msiba wa nyumba hii ili aikatae sahani yake mbele za watu, na aliyekosewa mwenyewe akikufanyia hivyo, hata upike ng'ombe wa mumeo wote, hurudishwi tena.

Mama Wema akainama. Akachukua sahani moja, akaipangusa kwa khanga yake, akaishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.